Nilivyoacha kuwazungusha ukumbini na kuwapasha moto wawili wawili

Darasa la jioni la judo nililokabidhiwa hapa Dar es Salaam ni la wanaoanza: mikanda myeupe mingi, ya njano michache. Kuna dereva wa bodaboda, mhasibu mwenye kitambi, mabinti wa kidato cha pili, na fundi magari mmoja ambaye mizani yake ilishapita kilo 100 zamani. Nilikuta kipindi kinaanza kwa kuzunguka ukumbi, halafu pushapu, halafu kichurachura. Yaani mchakamchaka na adhabu za shule, tofauti ni judogi tu, yaani ile sare ya judo.

Miili ilipata moto, silikatai hilo. Ila Dar ya mwezi wa pili, saa kumi na mbili jioni, mtu anashuka kwenye daladala ameshapata moto wa kutosha. Kilichonisumbua ni kwamba walifika kwenye kutupana bila kugusana hata mara moja. Wanashikana kola kishari, mikono imekakamaa, pumzi wameibana, na asiyejua kuanguka ndiye anayeumia. Nikaamua dakika 15 za mwanzo ziwe za watu wawili wawili, kuanzia salamu ya kuinamiana.

Zoezi la kwanza ni mgongo kwa mgongo. Mnakaa chini, mnapitishana viwiko, mnasimama pamoja bila kutumia mikono. Mwenye nguvu akisukuma kwa pupa, mwepesi anasombwa mbele. Mmoja akilegea, wote mnabaki chini. Haina mshindi, na kwa vijana waliokuja kutafuta ubabe hilo ni jambo geni kabisa.

La pili ndilo ninalolipenda zaidi. Mnatazamana, mnashikana vifundo vya mikono, mnaegemea nyuma na kuchuchumaa taratibu hadi chini, kisha mnainuka. Nilimweka fundi na binti mwembamba kuliko wote. Fundi akaniangalia.

"Mwalimu, huyu mtoto nitamrusha dirishani."

Nikamwambia asimame wima karibu kabisa, binti ndiye alale nyuma sana. Wakashuka, wakapanda. Mzito akiegemea kidogo na mwepesi akiegemea sana, mizani inakaa sawa. Hapo hapo nikamwomba binti asogeze mguu mmoja kidogo tu, na fundi na kilo zake zote akayumba hadi akapiga hatua. Kuvunja mizani ya mtu kabla ya kumtupa ni somo ambalo huwa nalieleza mpaka koo linakauka. Siku hiyo sikueleza kitu, na wengine walianza kulijaribu wenyewe bila kuambiwa.

Kutoka hapo tunaingia kwenye kuanguka, na hapa sina haraka. Mmoja anachuchumaa, mwenzake amesimama ameushika mkono wa judogi yake. Aliyechuchumaa anapitisha mguu mmoja mbele ya mwili, anaangukia ubavu, anapiga zulia kwa mkono ulio huru, kidevu kimebanwa kifuani na macho yanatazama fundo la mkanda. Walimu wengi tunamkazia macho huyu anayeanguka. Mimi huwa namtazama aliyesimama. Kazi yake ni kuuvuta ule mkono juu wakati mwenzake anashuka, ili bega na kichwa visifike chini kwa kishindo. Akiuachia, nasimamisha darasa zima.

Nina sababu ya kuwa mkali hapo. Japani, ambako judo hufundishwa hata shuleni, majeraha mabaya ya kichwa yamewapata zaidi vijana waliokuwa wapya kwenye mchezo, na mtupo unaotajwa mara nyingi ni osoto-gari, ule wa kumfagia mtu mguu na kumwangusha kinyumenyume. Kisogo kikitangulia, zulia halisaidii sana. Kwa hiyo nataka mkono uzoee kumshikilia mwenzio kabla haujajifunza kumtupa. Tukishaanguka kutoka kuchuchumaa tunaanguka kutoka kusimama nusu, na kusimama wima kunasubiri mpaka niridhike na wote wawili.

Kuwapanga kulinitoa jasho. Mashindano ya judo yana madaraja saba ya uzito kwa wanaume, kuanzia chini ya kilo 60 hadi zaidi ya 100, na saba kwa wanawake, kuanzia chini ya 48 hadi zaidi ya 78. Darasani madaraja hayo yote yamekaa kwenye zulia moja. Nilichofanya ni kugawa mazoezi yenyewe. Ya kusawazisha na ya kuangushana nachanganya makusudi: mistari miwili inatazamana, na baada ya kila zoezi mstari mmoja unasogea nafasi moja kulia. Ya kubebana nasimamisha mistari na kuwapanga kwa maumbo. Wakiwa hawagawanyiki kwa mbili, watatu wanakaa pamoja, mmoja anahesabu na kutazama, kisha wanabadilishana.

Toroli, mmoja anatembea kwa mikono na mwenzake amembeba miguu, tunafanya, ila mbebaji anashika juu ya magoti. Akishika vifundo vya miguu, kiuno cha anayetembea kwa mikono kinabonyea. Fundi aliuliza nani atambeba yeye mgongoni. Hakuna, nikamjibu. Yeye analala chali ameshika ncha moja ya mkanda, mwenzake anamburuza kwa ncha nyingine hadi mwisho wa ukumbi. Mhasibu aliyepewa kazi hiyo alifika akiwa hoi kuliko waliobebana.

Kuna dada mmoja wa hijabu aliniita pembeni akasema kushikana judogi na mwanamume hana neno, lakini kubebana hapana. Tangu hapo kila anayejiandikisha namuuliza faraghani, na darasani yeyote anaweza kusema "badilisha" bila kudaiwa maelezo. Wanaolitumia neno hilo zaidi ni wanaume wenye magoti mabovu.

Kuna mambo niliyapunguza. Mchezo wa kugusana magoti ni mzuri kwa miguu, lakini vichwa hugongana, kwa hiyo naucheza kwa muda mfupi na kwa sharti la kichwa juu. Kunyooshana misuli nimekupeleka mwisho wa kipindi, kwa sababu kuvuta msuli ukiwa umetulia kwa zaidi ya dakika moja kabla ya kazi ya nguvu huupunguzia nguvu kidogo. Huko mwisho nako kuna somo: ukisikia umefika kikomo unampiga mwenzako kofi jepesi mwilini mara mbili, naye anaachia papo hapo. Wanapofika kwenye kabari za shingo, ishara hiyo wameshaizoea mwilini.

Kano Jigoro, mwasisi wa judo aliyeanzisha shule yake ya Kodokan mwaka 1882, alikuwa mwalimu kwa kazi, na mwaka 1922 alitangaza kunufaishana kuwa moja ya nguzo mbili za judo. Nadhani angelielewa darasa langu, ingawa kelele zake asingezipenda. Maana watu wanacheka sana siku hizi, na nimewaachia. Wakifika kwenye randori, yaani kupambana kwa mazoezi, mabega yameshalegea, na nasikia "pole" na "uko sawa?" pale nilipozoea kusikia miguno.

Wanaochelewa ndio bado mtihani. Huwezi kumtupa katikati ya mistari mtu ambaye mwenzake ameshaanza na mwingine, na foleni ya Barabara ya Morogoro haina adabu. Kwa sasa anayechelewa anapasha moto na mimi, kuanzia mgongo kwa mgongo. Jioni za mvua nabebana na watu hadi nachoka kabla kipindi hakijafika nusu.