Gazeti la pinki kwenye kiti cha treni

Leo asubuhi hapa London, mtu kaacha gazeti kwenye kiti cha treni. Financial Times, lile la habari za biashara, la karatasi ya pinki tangu 1893.

Siku zote nalipita. Hisa na hatifungani zinanihusu nini mimi, na kodi ya chumba bado sijamaliza?

Leo nimelichukua kwa ajili ya mhariri wake, Roula Khalaf.

Mzaliwa wa Beirut. Alianzia jarida la Forbes, Marekani. Mwaka 1991 alimwandika Jordan Belfort, dalali wa hisa aliyekuwa bado anatamba, akamfananisha na Robin Hood, yule mwizi wa hadithi za Kiingereza anayewapora matajiri na kuwapa maskini, ila huyu aliyepinda: anachukua kwa matajiri, anajigawia yeye na genge lake. Jamani, kalamu ile!

Akaingia Financial Times 1995, akaripoti Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. 2020 akakalia kiti cha mhariri, mwanamke wa kwanza tangu gazeti lianze 1888.

Nimelishika mpaka vidole vikashika wino. Nyumbani karatasi hii ingeishia kufungia maandazi. 😅

Nimelitia kwenye mkoba.

Nyie mnaosoma kurasa za biashara, mlianzia wapi? Nielekezeni.