Baiskeli iliyoibiwa, iliyobebwa, na hii ninayoendesha sasa: uzoefu wangu chuoni California

Kwetu Shinyanga baiskeli inalala ndani. Mjomba wangu alikuwa na Phoenix nyeusi, kila jioni akirudi anaipitisha mlangoni, anaiegemeza ukutani sebuleni na kuipiga kufuli ya nyuma humohumo ndani, na hakuna aliyeona ajabu maana baiskeli ni mali. Kwa hiyo mi nilipofika chuo huku kaskazini mwa California (jina la chuo nalihifadhi) wiki ya kwanza tu nkanunua baiskeli yuzdi kwa dola 120, na usiku nkaibeba begani ngazi kwa ngazi mpaka ghorofa ya tatu. Mwanafunzi anayesimamia ile ghorofa akanikuta koridoni akanambia kwa upole kabisa kwamba haikai humu, ishushe chini kwenye vyuma vya kufungia baiskeli. Niliumia kusema kweli, nikaona hawa watu wanataka mali yangu ilale nje kama mbuzi asiye na mwenyewe. Ila alinielezea sababu na nikaielewa, ukitokea moto usiku umeme ukakatika watu mia wanakimbia kwenye koridoo ile nyembamba, usukani mmoja tu uliotokeza unaangusha wa kwanza na waliobaki wanamwangukia.

Basi nkaishusha, nikaifunga kwa kebo niliyonunua dola 10, ile ya waya uliovikwa plastiki, unene wa kidole. Ilikaa siku tisa. Asubuhi ya kumi natoka naenda darasani nakuta kebo tu iko chini, imekatwa mara moja, nyuzi za chuma zimechomoza pale kwenye mkato kama ufagio wa chelewa. Nilisimama pale muda mrefu nimeishika. Ile kebo mtu anaikata kwa mkasi wa chuma sekunde chache tu anaondoka anaendesha, hata asubuhi kweupe, na hakuna atakayemuuliza maana kila mtu pale ana baiskeli.

Nilipoenda kuripoti swali la kwanza likawa namba ya fremu ni ipi. Sikuwa nayo. Wakauliza picha, nayo sikuwa nayo, nlikuwa na picha moja ya mimi nimesimama mbele ya maktaba baiskeli inaonekana gurudumu la mbele tu. Ikaishia hapo.

Sasa wadogo zangu mnaojiandaa kuja mwezi wa tisa, naomba hili mlifanye siku ileile mnanunua, hata kabla hamjaipanda. Igeuze baiskeli miguu juu, angalia chini kabisa pale pedeli zinapozungukia, futa matope kwa kitambaa utaona namba imegongwa kwenye chuma. Ipige picha. Piga na baiskeli nzima pembeni. Halafu isajili Bike Index, ni shirika lisilo la faida, usajili ni bure na vyuo vingi huku vinautumia, baiskeli ikiibiwa unaiwekea alama kwamba imeibiwa na polisi au duka la baiskeli yuzdi wakiandika ile namba inatokea kwamba imeibiwa na wanaweza kukutafuta. Na kabla hujanunua yuzdi tafuta namba yake humo kwanza, usije ukalipia baiskeli ya mwenzio aliyelia kama nilivyolia mimi.

Ya pili nilinunua dola 90, na kufuli nikanunua dola 55. Najua inauma kuona kufuli inakaribia bei ya baiskeli lakini ndo hesabu yenyewe. Ni ile kufuli ya chuma kigumu yenye umbo la herufi U. Namna ya kuifunga nilifundishwa na fundi wa pale chuoni, unaipitisha kwenye fremu pamoja na gurudumu la nyuma na chuma cha kufungia, vyote vitatu kwa mpigo. Ukifunga gurudumu la mbele peke yake, na kama linatoka kwa kile kikono cha kufungua bila spana, mwizi anakuachia gurudumu anaondoka na vingine vyote, nimeona magurudumu mangapi yamefungwa vizuri kabisa pale peke yake. Ikibaki nafasi kubwa ndani ya ile U pia si vizuri, ndo anapoingizia chuma akaitanua.

Hiyo ya pili haikuibiwa. Ilibebwa na chuo, na kosa lilikuwa langu.

Ilikuwa siku ya mtihani, mvua inanyesha, vyuma vyote vimejaa, nikaona reli ya chuma pembeni ya ule mteremko wa kuingilia mlangoni nikafunga pale nkakimbia ndani. Natoka saa mbili baadaye hakuna baiskeli, hakuna kufuli, moyo ukanipasuka nikajua nimeibiwa tena. Kumbe wameikata kufuli wameipeleka stoo ya ofisi ya maegesho. Nilienda pale nimekasirika, nimejipanga kugomba kuhusu kufuli yangu ya dola 55. Mama mmoja wa makamo akanisikiliza mpaka nkamaliza, akaniuliza kama ule mteremko naujua ni wa nani. Halafu akanielezea kwamba kuna kijana anatumia kiti cha magurudumu, ile siku alifika akakuta baiskeli yangu imejaza nusu ya njia, akasubiri kwenye mvua mpaka akapita mtu wa kumsaidia, na yeye naye alikuwa na mtihani.

Sikuwa na neno la kumjibu. Nlilipa faini na sikuuliza habari ya kufuli.

Huku hilo halichukuliwi kama suala la uungwana tu, kuna sheria ya nchi nzima ya watu wenye ulemavu tangu 1990, na njia za mteremko, reli zake na milango lazima viwe wazi muda wote. Kwa hiyo kwenye reli, kwenye mti, kwenye nguzo ya alama, mlangoni, hakufungwi kitu. Vyuma vikijaa tembea mpaka jengo linalofuata, ni dakika tatu. Na likizo ukisafiri usiache baiskeli miezi mitatu pale nje, wanapita wanabandika karatasi yenye tarehe, tarehe ikipita hujaitoa wanajua imetelekezwa wanaibeba.

Kuhusu kuendesha, kilichonisumbua zaidi ni mkono. Kwetu tunaendesha kushoto, huku ni kulia, na mwili hausahau haraka, hasa asubuhi ukiwa na usingizi unatoka getini unajikuta upande usio wako na watu wanakuja mbele yako kwa kasi. Vyuo vyenye baiskeli nyingi vina mizunguko midogo ya baiskeli kwenye makutano, sisi tunaita kipilefti, sasa kipilefti cha huku unaingilia kulia, na aliyeko ndani ndo mwenye njia, unayeingia ndo unayesubiri. Nilienda siku moja Davis, mji ambao ulichora njia za baiskeli barabarani mwaka 1967, wa kwanza Marekani, nikasimama kwenye mzunguko mmoja wakati madarasa yanatoka, mamia ya watu wanapita kwa pamoja na hakuna taa wala askari, kila mtu anaonyesha kwa mkono anakoelekea anapita. Ilinipendeza sana, nilikaa pale karibu nusu saa nikiangalia.

Sheria ya California inamhesabu mwendesha baiskeli kama dereva, alama ya kusimama unasimama. Usiku taa nyeupe mbele, ionekane futi 300, kama mita 90 hivi, na nyuma kiakisi chekundu. Spika za masikioni sikio moja ruksa, yote mawili ni kosa. Ukiendesha umelewa faini inaweza kufika dola 250. Helmeti sheria inamlazimisha aliye chini ya miaka 18 ila mi nakuomba uvae hata ukiwa na arobaini, nimeona mtu akianguka kwenye mzunguko kichwa kikagonga ukingo wa zege, ile sauti bado naisikia.

Skuta za umeme zina yake. Lazima uwe na leseni ya udereva au kibali cha mwanafunzi wa udereva, mwendo usizidi maili 15 kwa saa (kama kilomita 24), huruhusiwi kupanda njia ya waenda kwa miguu wala kupakiza mtu. Jamaa niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja, kijana wa Kampala, alinunua moja ya bei rahisi akawa anaichaji usiku chini ya kitanda chake. Nilikuwa nalala futi sita kutoka pale na sikuwaza kitu mpaka walipotupitisha kwenye mafunzo ya moto wakatueleza betri ya lithiamu ikiharibika ndani inajichemsha yenyewe, seli moja inawasha nyingine, na kizimamoto cha kawaida hakiizuii. Mwaka 2016 zile mbao za umeme za magurudumu mawili za kusimamia, wanaziita hoverboard, zaidi ya 500,000 zilizokuwa zimeuzwa Marekani wanunuzi waliambiwa wazirudishe kwa sababu hiyohiyo, na vyuo vingi vikazipiga marufuku.

Ile jioni tuliongea. Nikamwambia ndugu yangu mimi sikutishi ila leo siwezi kulala na hiyo kitu humu ndani. Alinuna kidogo, baadaye akaigeuza akatafuta alama ya UL 2272, ndo kipimo cha usalama cha umeme kwa skuta, haikuwepo. Kesho yake akairudisha dukani, akaongeza hela kidogo akanunua skeitibodi. Skeitibodi haina betri, unaibeba mkononi ukifika mlangoni, darasani inakaa chini ya kiti chako magurudumu yakiangalia juu isije ikateleza. Ndani ya jengo hupandi, ngazi, mabenchi na reli huzirukii maana zinavunjika kingo na ndo watu wanapovunjika mikono.

Mimi namaliza mwezi wa sita. Baiskeli hii ninayoendesha sasa nampa dogo mmoja anayetoka Mwanza, tumeshawasiliana. Usajili wa Bike Index nitauhamishia kwenye imeili yake, funguo mbili za kufuli nimezifunga kwa uzi kwenye keria, na siku akifika nitampeleka kwanza kwenye ule mteremko nimwonyeshe reli, halafu vyuma vilivyo nyuma ya maktaba, vile vya karibu na taa, ambavyo huwa havijai.