Jumamosi moja Champagne na dada mlokole

Septemba 2016 nilikuwa Paris kwa mafunzo ya kazini, wiki nzima tumefungiwa ukumbini tunaangalia slaidi, Jumamosi ndo siku pekee ya kupumua na Jumapili asubuhi napanda ndege. Wenzangu wote wakaenda kupiga picha mnara wa Eiffel. Mi nikasema mtoto wa mkulima wa zabibu wa Hombolo hawezi kufika Ufaransa akarudi Dodoma hajakanyaga shamba la mzabibu, baba asingenielewa kabisa.

Nikachagua Champagne, eneo la mizabibu inakotoka shampeni, ile mvinyo ya mapovu, na si kwamba ni mtu wa shampeni, hapana, ilikuwa hesabu ya muda tu. Maeneo mengine ya mvinyo, Bordeaux mbali kwa siku moja, Bourgogne bila gari unahangaika, ila Reims, mji wa huko Champagne, kwa treni ya kasi kutoka stesheni ya Gare de l'Est ni kama dakika 45 hivi. Na ujanja wenyewe ni kwamba usikate tiketi ya kwenda na kurudi Reims. Unaingilia Reims asubuhi, unashuka na treni ya kawaida mpaka mji mwingine wa Champagne, Épernay, nusu saa hivi unapita kwenye mizabibu, halafu jioni unapanda moja kwa moja Épernay mpaka Paris. Hurudii njia, na siku inakuwa kama mbili.

Huo ujanja alinipa dada mmoja wa Bukavu, Kongo, rafiki wa shemeji yangu, anaishi Paris miaka mingi na ndo alikubali kunisindikiza kwa sababu Kifaransa changu kinaishia bonjour. Tatizo dada ni mlokole wa kweli kweli, pombe hata kuinusa hataki. Pale stesheni akaniambia, "Kaka, Mungu anajua mimi leo ni mkalimani tu, usije ukanitafutia glasi." Nikamwambia usijali dada, glasi yako nitaibeba mimi.

Reims tuliipita haraka. Kanisa kuu ni kubwa mno, ndo walipokuwa wanatawazwa wafalme wa Ufaransa, mlangoni kuna malaika wa mawe anayetabasamu, na mizinga ya Wajerumani ililiunguza vibaya mwaka 1914, Vita ya Kwanza ya Dunia. Sawa, tukaliona. Mi nilitaka tukimbilie Épernay lakini dada akang'ang'ania tupande basi kwanza mpaka bustani moja nje kidogo ya katikati ya mji, nikadhani anataka kupumzika kumbe kuna sanamu ya askari weusi, Waafrika wa jeshi la Ufaransa walioilinda Reims isichukuliwe mwaka 1918. Wamesimama wamemzunguka ofisa mzungu aliyeshika bendera. Sanamu ya kwanza iliwekwa 1924, Wajerumani walipoiteka nchi 1940 wakaing'oa, hii ya sasa ni nakala ya 2013. Dada akaitazama weee, akasema, "Wa kwetu hawakuletwa huku, Wabelgiji waliwapeleka kwenu, mpaka Tabora." Na kweli, Wabelgiji walioitawala Kongo waliiteka Tabora kutoka kwa Wajerumani kwenye vita hiyohiyo, Septemba 1916, yaani miaka mia ilikuwa imetimia mwezi uleule tuliosimama pale. Watalii wanaokuja kunywa sijui wangapi wanafikaga pale, siku ile tulikuwa sisi wawili na mtu na mbwa wake.

Épernay hatukukaa, tukachukua teksi tukapanda mpaka Hautvillers, kijiji kilicho juu ya kilima, ndani ya kanisa lake amezikwa Dom Pérignon yule mtawa ambaye jina lake liko kwenye chupa za shampeni. Na hapa ndo siku yangu ilipoanza. Msimu wa mavuno wakulima wengi hawapokei wageni maana hawana hata muda wa kula, ila dada alikuwa amepiga simu kwa mzee mmoja mwenye shamba dogo, akamwambia nina mtoto wa mkulima kutoka Afrika, mzee akasema mlete.

Jamani. Mizabibu mifupi, inanifika kiunoni, imebanana kwa mistari imenyooka kama imepigwa rula, udongo mweupe wa chaki unakupaka viatu. Wachumaji wameinama na mikasi na ndoo. Nikauliza kwa nini nchi tajiri hivi hawatumii mashine, mzee akanijibu kwamba Champagne kuchuma kwa mikono ni sharti, mashine hairuhusiwi, kwa sababu aina mbili kati ya tatu kubwa wanazolima ni zabibu nyeusi na shampeni wanaitaka nyeupe, kwa hiyo lazima vichala vifike kwenye kinu vizima na vikamuliwe taratibu kabla ganda halijatoa rangi. Kilo 4,000 wanaruhusiwa kukamua lita 2,550, basi, hata kama kuna maji yamebaki. Nikakumbuka kwetu tunavyokamua mpaka kokwa zinalia.

Nikauliza bei. Dada akatafsiri, mzee akajibu, dada akanyamaza kidogo kwanza. Zaidi ya euro 5 kwa kilo. Nikapiga hesabu kichwani, elfu kumi na mbili na ushee za kwetu, na baba mwaka mzuri anauza elfu moja na kitu, tena anasubiri malipo. Nilikaa kwenye kreti la zabibu hapo hapo. Mzee akadhani jua limenipiga akaniletea maji.

Baadaye akatushusha kwenye handaki lake, baridi ya nyuzi 10 au 11 na dada kavaa sendo. Chupa zimelala na chachu yake ndani, shampeni ya kawaida haitoki kabla ya miezi 15, na presha ndani ya kila chupa ni kama mara tatu ya tairi la gari. Kisha wanazigeuza kidogo kidogo kichwa chini mpaka mashapo yote yashuke shingoni, wanagandisha shingo, wanafungua, kile kibarafu kinaruka chenyewe na uchafu wote. Dada alitafsiri haya yote kwa umakini wa ajabu, akauliza na maswali yake mwenyewe, mwisho mzee akamimina glasi mbili, dada akaisukuma yake kwangu bila kunitazama. Nilikunywa zote. Ile ya pili ilikuwa tamu zaidi.

Tukashuka kwa miguu kupita katikati ya mashamba mpaka Épernay, mwendo wa saa moja na zaidi, na ile barabara maarufu ya makampuni makubwa, Avenue de Champagne, tuliiona kwa nje tu tukielekea stesheni. Sikujutia hata kidogo, majumba ya kifahari nimeyaona kwingi.

Kwenye treni nikampigia baba. Nikamweleza bei, akaniambia rudia, nikarudia. Akakaa kimya, nikajua inamuuma. Halafu akauliza, "Na wao kwa mwaka wanavuna mara ngapi?"

"Mara moja baba, baridi hairuhusu."

"Mara moja tu?" Sisi Dodoma tunavuna mara mbili. Nikamsikia anamgeukia mama, anamwambia kwa sauti ya huruma kabisa, "Hawa watu wana shida."