Skii za mitumba chini ya sleji yangu

Mimi ni mtu wa Pangani, na kwetu hata hujajua kuogelea sawasawa umeshapewa kazi ya magogo. Maji yakitoka, ngalawa inapandishwa pwani juu ya magogo. Watu wazima wanasukuma, nyie watoto mnaokota gogo lililobaki nyuma mnalikimbiza mbele. Kwa hiyo nilipoalikwa mara ya kwanza kuvua juu ya ziwa lililoganda hapa Minnesota, Marekani, barafu haikunishangaza sana kama kule kuona wanaume wazima wanakokota sinia la plastiki, mzigo tele, tumbo lote linasugua theluji, na hakuna anayelalamika.

Nami nikanunua langu. Ni sleji ya kawaida, urefu kama mita moja na nusu, mfano wa beseni refu la kufulia. Ndani inaingia keekee ya barafu na betri yake, hema la kukunja, jiko dogo la gesi la kuotea moto, ndoo ya dagaa hai wa chambo, kigoda, na thermosi ya chai ya tangawizi ambayo siachi hata kwa dawa. Ukijumlisha havipungui kilo 40. Wenye pikipiki za theluji wanafunga nyuma wanaondoka. Mimi nakwenda kwa miguu, na Mille Lacs ni ziwa pana. Ukitaka kufika kwenye samaki unatembea. Siku ya theluji mpya nililowa jasho kabla ya kutoboa hata shimo moja, na kulowa jasho kwenye baridi ile ni kujitafutia balaa, maana ukikaa tu nguo inaanza kukuganda mgongoni.

Dawa yake ni kuinua tumbo la sleji lisiguse chini, iteleze juu ya nyayo mbili nyembamba. Dukani zipo, lakini bei yake ilinifanya nirudishe mkono mfukoni.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa bomba la maji, plastiki nyeupe ya inchi 2. Nililipasua katikati kwa urefu, nikapasha ncha kwa mashine ya hewa moto nikazikunja juu kama pua ya jahazi, nikafunga kwa bolti. Dola 9 tu! Nilijiona fundi. Zikateleza vizuri wiki mbili, hadi asubuhi moja ya nyuzi 24 chini ya sifuri. Kuna mahali barafu ilikuwa imepasuka ikagandana tena, imeacha tuta dogo la ncha kali. Sleji ikaligonga, nikasikia *ka!* kama kikombe cha kauri. Upande wa kushoto ulikuwa umebaki vipande. Bomba lile limetengenezwa likae ukutani ndani ya nyumba yenye joto. Kwenye baridi kali linakuwa kavu kama biskuti.

Nilirudi nyumbani naburuta upande mmoja. Mke wangu alinifungulia mlango, akaitazama sleji, akanitazama mimi. "Baba Zuhura, na hiyo nayo tuiite uvuvi?"

Jibu nililipata kwenye duka la mitumba. Kona ya nyuma, pamoja na fimbo za gofu na viti vibovu, kulikuwa na skii za zamani, yaani zile mbao nyembamba ambazo watu hufunga miguuni wateleze juu ya theluji, za aina ndefu zilizonyooka ambazo vijana hawazitaki tena. Dola 10 jozi. Angalia wema wake: ncha imeshakunjwa na kiwanda, chini pana plastiki maalumu ya kutelezea iliyotengenezwa kwa ajili ya baridi, na pembeni pana ukingo wa chuma. Huo ukingo ndio siri kwenye barafu tupu, kwa sababu unang'ata. Upepo ukivuma ubavuni sleji haikimbii upande.

Nilizikata mkia kwa msumeno wa chuma, nikang'oa vifungo vya viatu, nikaziba matundu kwa gundi ya epoksi. Juu ya kila skii nililaza mbao ya mbili kwa nne, nikaunganisha mbao hizo kwa vipande viwili vya kukatisha, upana wa sentimita 45 hivi. Sleji inakaa juu ya fremu hiyo na kufungwa kwa mikanda, kwa hiyo naweza kuivua nikitaka. Kosa nililofanya ni skrubu. Nilizipiga kutoka chini, vichwa vikabaki vimechomoza unene wa ukucha tu, nikadhani si kitu. Nilipogeuka nyuma ziwani nikaona mistari imechorwa kwenye barafu kama nimepita na reki. Nilikuwa nimejitengenezea breki! Ikabidi nizitoe zote, nipanue midomo ya matundu vichwa vizame, nizibe, nisugue kwa msasa, halafu nipake nta ya mshumaa. Tangu hapo naivuta kwa mkono mmoja, mwingine umeshika chai.

Kamba nayo ilinifundisha adabu. Dukani niliona kamba ya katani, na mtu wa mkoa wa Tanga ataipitaje katani bila kuinunua? Ikanywa maji, ikaganda, ikawa fimbo. Sasa natumia kamba ya plastiki, nimeipitisha ndani ya bomba gumu (mabaki ya lile jeupe, yamepata kazi), ili nikisimama ghafla sleji isije kunigonga visigino.

Nisiwafiche, kwenye theluji laini ya kufika magotini skii nyembamba zinazama, na hapo tumbo pana la sleji lina afadhali. Siku hizo navua fremu naacha nyumbani. Na ukifika, usiiache sleji kwenye uji wa barafu. Weka vijiti viwili chini ya skii, la sivyo jioni utaikuta imeota mizizi.

Jumamosi iliyopita nilirudi na walleye wawili, samaki wa maziwa ya huku, mke wangu akawapaka kwa tui la kopo. Jirani yangu, mzee wa hapahapa aliyevua barafuni tangu utotoni, aliizunguka fremu mara mbili, akaigongagonga kwa buti, akaniuliza kama naweza kumtengenezea. Nimeshaona jozi nyingine kwenye lile duka, ya rangi ya waridi, dola 12. Sijamwambia rangi.