Nilivyoandika wasifu wa bibi

Kamati ya mazishi ilinikabidhi kazi hiyo Alhamisi saa tatu usiku, na mazishi ni Jumamosi. "Wewe ndiye uliyesoma. Andika wasifu, usizidi ukurasa mmoja." Baba mkubwa hakuongeza neno, akarudi kwenye hesabu zake za turubai na viti.

Nikakwama mstari wa kwanza. Marehemu alizaliwa lini? Kitambulisho kilisema 1 Januari 1940. Sasa baba mkubwa, kifungua mimba wake, ni wa 1952. Yaani bibi alizaa akiwa na miaka 12! Aliyemwandikisha alimtazama usoni akakadiria, basi. Bibi mwenyewe ukimuuliza alikuwa na jibu moja: "Mimi na chama ni rika moja." Tulikuwa tunacheka, maana tulidhani anasema TANU, chama kilichodai uhuru, na TANU ni ya 1954.

Ijumaa asubuhi nikamkuta mzee jirani kwenye benchi, anangoja chai. Nikamsimulia. Akanikazia macho kama nimemtukana.

"TANU? Bibi yako na TANU wapi na wapi? Chama cha kahawa, mjukuu wangu. KNCU!"

KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilianzishwa 1933. Nikaona aibu. Mtu aliyebeba kahawa kichwani maisha yake yote, kutoka kihambani, shamba la nyumbani, hadi kwenye mizani ya chama, angetaja chama gani kingine?

Vyeti nikaviweka kando, nikaanza kuwauliza watu siku fulani bibi alikuwa wapi, anafanya nini. Baba mkubwa akakumbuka usiku wa Uhuru, 1961. Wanaume wamejaa barabarani wanakodolea macho kilele cha Kibo, wakitafuta Mwenge wa Uhuru. Bibi yuko zizini na kibatari, ng'ombe anazaa. Mama akasema siku ya pili baada ya kuolewa, bibi alimshika mkono akampeleka kwenye mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba, akamwelekeza zamu yetu ya maji ni lini na nani huwa anaiba. Jiko aliliona baadaye. Mimi nilikuwa na lile fundo kwenye pindo la kanga yake. Alilifungua kwa meno, akakupa noti iliyokunjwa mara nne, inanuka moshi na maziwa, na onyo kwamba usiwaambie wenzako. Wote tulikuwa tumepewa onyo hilo hilo.

Kilicholeta ugomvi ni idadi ya watoto. Baba mkubwa alisema 7. Shangazi akasema, polepole, 8. Wa nne alikufa kwa surua kabla hajabatizwa, na nyumbani hatajwi.

"Kwenye wasifu tunaweka wanaojulikana," baba mkubwa akasema.

"Mama alikuwa anamjua," shangazi akajibu.

Nikaandika 8. Ukurasa mmoja ukawa kurasa mbili na nusu.

Jumamosi nilisoma vibaya, haraka haraka, karatasi inatetemeka. Mchungaji alitazama saa mara mbili. Nilipofika "ameacha wajukuu 31" nikagundua nimeruka mstari, nikarudi nyuma: "Alijaliwa watoto 8." Kutoka walikokaa akina mama wazee, sauti moja ikaitikia, "Ee, nane."

Baba mkubwa alikuwa ameinamia kofia yake. Jioni aliniomba ile karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Mpaka leo hajanirudishia.