Boise State ya 2006: msimu usio na doa, usio na taji la taifa

Kila unapozuka mjadala kuhusu timu bora za futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu, Boise State ya mwaka 2006 hutajwa kwa sababu ya usiku mmoja tu, ule wa Fiesta Bowl, mechi ya heshima ya kufunga msimu, kana kwamba ilibahatika. Naona hilo ni kuwakosea haki vijana wale, kwa kuwa walichokifanya usiku ule kilitokana na jinsi walivyocheza msimu mzima.

Dan Hawkins alikuwa ameondoka kwenda Colorado, na chuo hicho cha Idaho, kinachojulikana kwa uwanja wake wa nyasi bandia za buluu, kikamkabidhi timu Chris Petersen, ambaye hadi hapo alikuwa msaidizi aliyesimamia mashambulizi na hakuwahi kuwa kocha mkuu. Mapema msimuni waliifunga Oregon State 42 kwa 14, na mkimbiaji wao Ian Johnson akafunga tachidauni tano peke yake, yaani aliufikisha mpira mwisho wa uwanja mara tano. Mechi nyingi walishinda kwa urahisi, ila ugenini kwa San Jose State waliokolewa na teke la Anthony Montgomery lililopigwa saa ikimalizika, wakashinda 23 kwa 20. Wakaingia Januari wakiwa na ushindi 12 bila kupoteza hata mechi moja.

Utaratibu wa wakati huo, uliochanganya kura na hesabu za kompyuta, uliruhusu timu mbili tu kugombea ubingwa wa taifa. Walioitwa ni Ohio State na Florida, na Florida ilikuwa imeshafungwa mara moja. Waliotetea uamuzi huo walisema kwamba Boise State ilicheza katika ligi dhaifu, na kweli ligi yao, Western Athletic Conference, haikuwa na uzito wa ligi kubwa za kusini. Lakini timu haijipangii ligi, na kigogo hana sababu ya kukubali kucheza nayo mechi ambayo akishinda hapati sifa na akishindwa anaaibika.

Basi wakapelekwa Glendale, Arizona, kucheza na Oklahoma ya mkimbiaji Adrian Peterson tarehe 1 Januari 2007. Waliongoza 28 kwa 10, Oklahoma ikarudi taratibu hadi ikasawazisha zikiwa zimebaki sekunde 86, na pasi iliyofuata ya kwotabeki (mrusha pasi mkuu) wa Boise State, Jared Zabransky, ikanaswa na mlinzi wa Oklahoma, Marcus Walker, aliyekimbia nayo hadi kufunga. Zikabaki sekunde 18, mpira uko katikati ya uwanja, jaribio ni la nne na la mwisho, na zinatakiwa yadi 18 ili wasipoteze mpira. Zabransky alimpa pasi Drisan James, na walinzi walipomkimbilia, James akamwachia mpira Jerard Rabb aliyekuwa akipita mbio kuelekea upande wa pili, naye akafika mwisho wa uwanja zikiwa zimebaki sekunde 7, na Boise State wakasawazisha.

Katika muda wa nyongeza, kila timu huanzia yadi 25 kutoka lango la mwenzake, na Peterson wa Oklahoma alizimaliza zote kwa mbio moja. Boise State walijibu katika jaribio la nne, pale Vinny Perretta, ambaye si kwotabeki, alipomrushia Derek Schouman. Wangeweza kupiga teke la pointi moja wasawazishe na kuendelea. Kocha Petersen aliamua kutafuta pointi mbili za kumaliza mechi, kwa kujaribu mara moja kuufikisha mpira tena mwisho wa uwanja, na hapa ndipo natofautiana kabisa na wanaosema alicheza kamari. Kikosi kilichochoka, chenye wachezaji wachache wa akiba, mbele ya mkimbiaji aliyekuwa amevuka mstari kwa mguso wake wa kwanza wa muda wa nyongeza, kilikuwa kinapoteza nafasi kwa kila dakika ya ziada.

Zabransky aliinua mkono wa kulia kama anayerusha kuelekea kulia, na ulinzi wote ukamfuata. Mkono ule ulikuwa mtupu. Mpira ulikuwa katika mkono wa kushoto, nyuma ya mgongo, na Johnson aliuchukua hapo akakimbia upande wa kushoto bila kuguswa na mtu. Matokeo: 43 kwa 42. Mbinu hiyo, inayoitwa Sanamu ya Uhuru, ni ya zamani sana, lakini haifaulu kama mtu mmoja tu kati ya 11 atachelewa. (Muda mfupi baadaye Johnson alimposa mpenzi wake mbele ya kamera za televisheni, na ndilo wengi wanalolikumbuka.)

Florida iliifunga Ohio State 41 kwa 14 na kutwaa ubingwa. Boise State, timu pekee ya daraja la juu iliyomaliza bila kushindwa, iliwekwa ya tano katika kura za shirika la habari la Associated Press, na katika wapiga kura 65 mmoja pekee aliipa nafasi ya kwanza. Mimi ningekuwa wa pili. Sisemi kwamba wangeifunga Florida. Nasema walistahili kuulizwa swali hilo uwanjani, kama walivyokuja kuulizwa warithi wao katika msimu wa 2024, mchujo ulipopanuliwa kuwa wa timu 12, wakafungwa na Penn State 31 kwa 14 katika uwanja uleule wa Glendale.