Siku moja na ultrasaundi kwenye wodi ya dharura ya watoto

Saa 1:00 asubuhi. Naingia zamu. Naifuta mashine, naweka chaji, nahakikisha jeli ipo ya kutosha.

Saa 3:20. Binti wa miaka saba ameanguka, mkono ameukumbatia kifuani. Dawa ya maumivu kwanza, kisha tunasubiri ishike. Namwacha mapajani mwa mama yake.

"Daktari, hutamtonesha?"

"Hapana, mama. Akisema basi, naacha."

Namwaga jeli nyingi ili kichwa cha mashine kielee juu yake bila kukandamiza. Kwenye skrini, mfupa mzima ni mstari mweupe ulionyooka. Naufuata kutoka katikati ya kigasha hadi karibu na kiganja, mbele, nyuma na ubavuni, kila mfupa kivyake. Juu kidogo ya kifundo mstari unatuna, lakini haukatiki: mfupa umebonyea tu. Binti mwenyewe anaangalia skrini, kilio kimekatika. Gango la kuvulika linamtosha, eksirei haina haja. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2023 ulihusisha watoto 270 wa miaka 5 hadi 15 walioumia sehemu hii hii ya mkono. Baada ya wiki 4, walioanzia ultrasaundi walitumia mikono yao vizuri sawa na walioanzia eksirei.

Saa 6:10. Kiwiko kimevimba. Damu iliyojaa kwenye kiungo imeyasukuma mafuta yaliyo nyuma ya kiwiko yakainuka. Ufa siuoni, ila dalili hiyo inanitosha kushuku. Nafunga gango, nampeleka eksirei.

Saa 8:00 mchana. Mtoto mchanga, paja limevimba, na maelezo ya wazazi hayaoani na jeraha. Hapa ultrasaundi haitoshi kabisa. Anahitaji eksirei za mwili mzima, na wanaohusika na ulinzi wa watoto lazima waitwe leo leo. Kuokoa dakika hapa si hoja.

Saa 10:15. Daktari mwanafunzi ananiita: "Umevunjika, kuna pengo!" Namwambia apime mkono wa pili. Pengo lile lile, mahali pale pale. Ni sehemu mfupa unapokulia. Hata hivyo mtoto anaumwa hasa pale ukimbonyeza, na jeraha la sehemu hiyo linaweza kujificha. Tunamfunga gango na kumpa tarehe ya kurudi.

Saa 12:30 jioni. Eksirei ya kiwiko imerudi: ufa upo, mifupa haijaachana. Nakabidhi zamu, na jina la mtoto huyo nalitaja la kwanza.